Ujana ni Moshi: Funzo la Mlinzi wa Uwanjani Aliyekuwa Jaji

Wahenga wetu walituachia usemi kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Usemi huu unamhusu kila mwanaadamu, lakini unawahusu zaidi wale wanaopata riziki zao kwa nguvu za miili: mvuvi, mkwezi wa minazi, hamali wa bandarini, na mchezaji wa mpira. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze juu ya huyu wa mwisho, na tutafanya hivyo kwa kueleza maisha ya mtu wa nchi ya mbali, Alan Page wa Marekani, ambaye kwa miaka 15 alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele katika mpira wa Kimarekani wa kulipwa, na baadaye kwa zaidi ya miaka 22 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota.

Tunajua wako watakaouliza: mchezo huo hauchezwi katika visiwa vyetu, na wengi wetu hatuzijui hata kanuni zake; basi una faida gani kwetu? Jawabu letu ni kwamba mchezo ni mgeni lakini swali linalotokana nao si geni hata kidogo. Mchezaji anapomaliza kucheza anabaki na nini mkononi? Na ni nani mwenye dhamana ya kuhakikisha kuwa anabaki na kitu?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Katika mpira wa Kimarekani kila upande huingiza watu 11. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kiasi cha mita 9, na ukishindwa hunyang'anywa zamu. Mlinzi wa mstari wa mbele huinama uso kwa uso na majabali ya watu ambao kazi yao ni moja tu, nayo ni kumzuia asipite. Mpira unapoondoka ardhini huwavaa kwa kishindo, akasukumana nao, akatafuta upenyo baina yao ili amfikie na kumwangusha yule anayetaka kuurusha mpira au kukimbia nao. Pigano hilo huchukua sekunde chache, kisha watu hujipanga upya na kuanza tena, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi mno katika mchezo mmoja. Ni nadra kwa mlinzi huyo kuupata mpira wenyewe mkononi. Yeye ndiye hamali wa mchezo ule: huubeba mzigo, na sifa huenda kwa wengine.

Alan Page alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma, ambako kazi nzito na chafu ndizo zilizokuwa fungu la watu weusi. Mwenyewe amesimulia kwamba tangu utotoni hakupenda kuishia viwandani, na kwamba alitamani kuwa mwanasheria kabla hajaanza kucheza mpira. Alipokuwa kijana wa skuli alipata kibarua cha ujenzi, na jengo alilosaidia kulijenga lilikuwa ni Jumba la Mashujaa wa mpira huo, lililofunguliwa katika mji huohuo wa Canton mwaka 1963. Kibarua yule hakujua kwamba miaka 25 baadaye ataingia katika jumba hilo kwa mlango wa mbele, akiwa mmoja wa mashujaa wenyewe.

Kutoka Canton alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame. Hapo tarehe 19 Novemba 1966 timu yao ilikutana na ile ya Michigan State, zikiwa ndizo timu mbili zilizoongoza nchi nzima miongoni mwa vyuo. Mchezo ule, ambao Wamarekani wanausimulia mpaka leo, ulimalizika kwa sare ya 10 kwa 10, na mwisho wa msimu Notre Dame ikatangazwa bingwa. Upande wa pili alikuwapo mlinzi mwenzake wa umri uleule, Charles Smith, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bubba, kijana mwenye urefu wa mita mbili. Mwaka uliofuata, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji kutoka vyuoni, Smith alichaguliwa wa kwanza kabisa akaenda Baltimore Colts, na Page alikuwa wa 15, akaenda Minnesota Vikings. Tunawaomba wasomaji walihifadhi jina la Bubba Smith, maana tutalirudia.

Huko Minnesota, Page alisimama pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen katika mstari wa walinzi wanne ambao watu waliwapa lakabu ya Wala Watu wa Zambarau, kwa rangi ya jezi zao. Mwaka 1971 aliteuliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Heshima hiyo kabla ya hapo haikupata kumwangukia mlinzi hata mmoja, na tangu hapo ni mlinzi mmoja tu mwengine aliyeipata, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Timu yake ilifika katika mchezo wa fainali kuu, Super Bowl, mara nne ndani ya miaka minane, na mara zote nne ikashindwa. Yeye mwenyewe, tangu alipoanza mwaka 1967 hata alipostaafu mwaka 1981, alicheza michezo 218 ya ligi bila ya kukosa hata mmoja. Katika kazi ya kugongana miili, hesabu hiyo ni ya kustaajabisha.

Lakini sifa hizo, nyingi kama zilivyo, sizo zilizotufanya tuandike. Jambo tunalolitazama ni lile alilokuwa akilifanya pale viwanja vilipofungwa na watazamaji wakarudi majumbani. Mara ya kwanza alipojiunga na masomo ya sheria, mapema katika maisha yake ya mpira, aliyaacha baada ya majuma machache tu. Hakuna haya kulisema hilo, kwani mwenyewe halifichi. Miaka ikapita, akarudi tena, safari hii katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1978 akapata shahada yake ya sheria. Izingatiwe kwamba katika miaka hiyo yote ya masomo hakuacha kucheza. Kadhalika alikuwa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wachezaji, wakati chama hicho kilipokuwa kikidai haki ya mchezaji kuhama timu mkataba wake unapomalizika, madai ambayo mwaka 1974 yaliwaingiza katika mgomo.

Katika miaka hiyohiyo alianza pia kukimbia masafa marefu, na uzito wake ukapungua kutoka kilo zipatazo 110 hadi kiasi cha kilo 100. Hapo ndipo mwajiri wake alipokunja uso. Mwalimu wa timu aliona kwamba mtu mwepesi kiasi hicho hawezi tena kuhimili misukumo ya mstari wa mbele, na mnamo Oktoba 1978 Page akaachishwa. Mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1971 alichukuliwa na Chicago Bears kwa ada ya kawaida ya uhamisho wa mchezaji aliyeachwa, nayo ilikuwa ni dola 100.

Hatutaki kumdhulumu mwalimu yule. Yeye huajiriwa ili timu ishinde, na asiyeshinda huondoka. Lakini dola 100 zile zinatufundisha kitu ambacho kila mchezaji kijana angepaswa kukisoma kabla ya kutia saini mkataba wa kwanza. Timu humthamini mchezaji kwa kadiri ya kazi ya mwili wake katika msimu huu. Haikuahidi kumthamini kwa misimu iliyopita, wala kwa miaka itakayokuja. Thamani ya miaka ile inayokuja hapana budi iwekwe akiba mahali pengine, na Page alikwisha kuiweka. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini walikuwa wakimzungumza mtu aliyejifunza uhunzi, si yule aliyekuwa na koleo peke yake.

Aliendelea kucheza Chicago mpaka mwaka 1981, huku msimu wa mpira unapokwisha akifanya kazi katika ofisi ya mawakili. Mwaka 1979 alikimbia mbio za marathoni akamaliza, jambo ambalo hakuna mchezaji wa ligi ile aliyekuwa bado uwanjani aliyewahi kulifanya kabla yake. Baada ya kustaafu aliingia katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota mwaka 1985. Kisha akataka ujaji. Katika jimbo hilo majaji hupigiwa kura na wananchi, na mwaka 1992 gavana alirefusha muda wa jaji mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, hatua ambayo ingeuondoa uchaguzi wa kiti hicho. Page hakupiga kelele barabarani. Alikwenda mahakamani, akadai uchaguzi ufanyike, na kesi ikaamuliwa kwa upande wake. Uchaguzi ukafanyika, akashinda, na Januari 1993 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Wananchi walimchagua tena mwaka 1998, mwaka 2004 na mwaka 2010, mpaka alipotimiza miaka 70 mwaka 2015, umri ambao sheria ya jimbo humtaka jaji apumzike.

Wale waliofika mbele yake mahakamani waliweza kuiona alama moja ya kazi yake ya zamani. Kidole chake kidogo cha mkono mmoja, kwa kuteguka na kuumia mara kwa mara uwanjani, kimepinda kuelekea nje mithili ya pembe ya mraba. Mwaka 2013 yeye na binti yake Kamie walitoa kitabu cha watoto kuhusu kidole hicho.

Mwaka 1988 alipoingizwa katika lile jumba la Canton alilolijenga akiwa kibarua, ilikuwa ni desturi kwa shujaa kutambulishwa na mwalimu wake wa mpira au mchezaji mwenzake. Yeye alimchagua mwalimu mkuu wa skuli moja ya sekondari ya Minneapolis, mwanamke, na katika hotuba yake akazungumzia elimu ya watoto kuliko alivyozungumzia mpira. Mwaka huohuo yeye na mkewe Diane walianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wa jamii zisizo za wazungu wa Minnesota kusoma vyuoni. Msaada wake una sharti: kila anayesaidiwa lazima naye atoe sehemu ya wakati wake kuwasomesha watoto wadogo maskulini. Maelfu wamepita katika mpango huo. Mwaka 2018 Page alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa anayoweza kupewa raia wa Marekani.

Sasa tumrudie Bubba Smith. Yeye aliyechaguliwa wa kwanza alipata kile ambacho Page hakukipata, kwani Januari 1971 timu yake ilishinda Super Bowl. Lakini mwaka 1972, katika mchezo wa matayarisho ambao haukuwa na hesabu yoyote, aliumia goti vibaya mno, akakosa msimu mzima, na ingawa alirudi na kuchezea timu nyengine mbili, mwaka 1976 mambo yakawa yamekwisha. Hakukaa bure. Alikuwa mwigizaji wa filamu, na mamilioni ya watu waliomwona katika filamu za Police Academy walimpenda. Alikuwa pia mtu wa dhamira: aliacha matangazo ya bia yaliyomlipa vizuri baada ya kuona jinsi yalivyowavutia vijana wa chuo kwenye ulevi. Alifariki mwaka 2011. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa madaktari waliouchunguza ubongo wake waliukuta na ugonjwa ule unaotokana na vishindo vya kichwa vya mara kwa mara, nao ulikuwa umefikia daraja ya tatu kati ya nne.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba katika bongo 111 za wachezaji wa zamani wa ligi hiyo walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Insafu yatutaka tuongeze kwamba bongo hizo zilitolewa na familia, ambazo aghalabu zilikwisha kuona dalili kwa wazee wao, na kwa hivyo hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo hali ya wachezaji wote. Hata hivyo inatosha kumnyima mtu usingizi. Wachezaji wa zamani zaidi ya 4,500 walikuwa wamekwisha kuishtaki ligi walipofika mwaka 2013 kwenye makubaliano ya fidia ya dola milioni 765, na baadaye ukomo wa fedha hizo ukaondolewa ilipoonekana kuwa huenda zisitoshe. Fidia ni jambo la haki. Lakini wengi zimewafikia wakiwa hawana tena akili ya kuzihesabu.

Tumewaweka watu hawa wawili bega kwa bega kwa makusudi. Walizaliwa mwaka mmoja, walisimama uwanja mmoja siku ileile, wakaingia ligi mwaka mmoja kwa kazi moja. Mtu asituambie kwamba mmoja alikuwa na bidii na mwengine mvivu, kwani si kweli. Goti lililomsaliti Smith lingeweza kuwa la Page. Hapo ndipo tunapofikia neno letu. Page alifanikiwa kwa akili yake, kwa bidii yake, na kwa bahati ya mwili usiovunjika. Mpango wa kumfikisha pale haukuwapo, na mwajiri wake hakumwandalia njia. Jamii inayomsubiri mtu wa aina hiyo azaliwe ili apate kuonyesha mfano mwema itasubiri sana, na wakati inasubiri, wengi watakuwa wamekwisha kupotea.

Wako viongozi wa michezo wanaoamini kwamba mchezaji mwenye kitabu mkononi hana moyo wa mchezo. Tunawajibu kwa hesabu zile zile za uwanjani. Mtu huyu alisoma sheria, somo lisilo jepesi, na hakukosa mchezo hata mmoja. Kitabu hakikumwondoa uwanjani.

Na sisi je? Kila alasiri, kutoka Amaan hadi Gombani, na katika kila kiwanja cha mchanga ufukweni baina ya hapo, vijana wetu wanakimbia nyuma ya mpira, na kila mmoja ana ndoto ya kuvuka bahari. Hatuna nia ya kuwavunja moyo. Michezo ni afya, ni heshima ya visiwa vyetu, na kwa wachache ni riziki nzuri. Lakini sote tunawajua pia wale waliokuwa wakishangiliwa zamani, ambao leo wanakaa barazani na magoti yaliyovimba, hawana cheti cha skuli wala ufundi, na wanaomba nauli kwa watu waliokuwa wakiwabeba mabegani. Aibu hiyo si yao, ni yetu sote tuliopiga makofi.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo machache mbele ya Serikali na viongozi wa vilabu. Kwanza, mtoto wa skuli asiondolewe darasani kwa ajili ya kambi wakati wa mitihani, na timu inayomhitaji ibebe dhamana ya kumpatia mwalimu wa kumfidia masomo aliyoyakosa. Pili, kijana anapowekewa mkataba mbele yake, awepo mtu anayejua sheria wa kumsomea na kumfafanulia, asiyelipwa na klabu wala na wakala. Tatu, anayeumia akiichezea timu atibiwe mpaka apone, si mpaka msimu umalizike. Na aliyegongwa kichwa asirudishwe uwanjani mpaka daktari aseme. Nne, Wizara zinazohusika na elimu na michezo zikae pamoja, ziwafungulie wachezaji wanaostaafu njia ya kurudi masomoni, na kwa wale wanaofaa, njia ya kuwa walimu wa michezo maskulini.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mali ya Marekani. Yote yanahitaji utaratibu, na mtu wa kuulizwa pale utaratibu unapovunjwa. Na kwa wazazi tunasema: msimkataze mtoto mpira, lakini mkumbusheni kila siku kwamba yule mlinzi mkubwa wa Minnesota, siku alipouzwa kwa dola 100, alikuwa tayari na shahada ya sheria mkononi.

Vijana wanaocheza leo ndio wazee wa kesho, na sisi tunaowashangilia tutaishi nao mtaa mmoja. Moshi wa ujana wao hatuwezi kuuzuia usiende. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba utakapokwenda, utawaachia nyumba wanayoweza kuishi ndani yake.